Uzi: Michael Cox, mtayarishaji aliyeanza na faili kabla ya kamera

MLINDA MWENDELEZO

Wakuu, habari za jioni.

Kila ukifunguliwa uzi wa Sherlock Holmes humu, ugomvi ni ule ule: nani kamwigiza vizuri kuliko wote. Mimi ni wa Jeremy Brett tangu utotoni na sihami. Ila leo mwigizaji tumweke kando kidogo. Nataka tumzungumze mtu ambaye jina lake hupita mwishoni kabisa, watu wameshanyanyuka kwenda kunawa mikono. Michael Cox, mtayarishaji wa Granada Television ya Manchester. Yeye ndiye aliyeanzisha ile tamthilia ya Holmes ya huyo Brett, iliyorushwa ITV kule Uingereza kuanzia 1984 hadi 1994.

Niseme kwanza kwa nini namjali. Kuna mwaka nilipata kibarua cha kuangalia mwendelezo kwenye tamthilia moja hapa Dar (kampuni sitaitaja, msinibane). Kazi yenyewe ni kukaa na daftari na simu ya kupigia picha, uhakikishe glasi iliyokuwa nusu inabaki nusu. Siku moja mama mkwe anaingia mlangoni na kitenge cha bluu, anakaa kwenye kochi kavaa cha njano, maana mlango tulirekodi Jumanne na kochi Alhamisi. Nikamwomba mtayarishaji turudie. Akanijibu, "Mdogo wangu, mtazamaji anaangalia sura, haangalii kitenge." Ikarushwa hivyo hivyo. Kesho yake asubuhi nachota maji, mama mwenye nyumba ananiuliza: "Yule mama ana pacha wake?"

Ndipo nikaanza kuwafuatilia watayarishaji, nijue mwenye kujali vitenge alifanyaje kazi. Nikamkuta Cox.

Mambo yalianzia kwenye kalenda. Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za mpelelezi Holmes, alifariki Julai 1930, na sheria ya Uingereza ya wakati ule ililinda hatimiliki miaka 50 baada ya kifo. Mwisho wa 1980 hadithi zake zikawa huru kwao, mwenye nguvu achukue. Mtayarishaji mzuri hujua tarehe za namna hiyo kama mvuvi anavyojua bamvua. Cox akapeleka wazo Granada: tuzirudie kama zilivyoandikwa, enzi ile ile ya Malkia Victoria, taa za gesi, magari ya farasi, ukungu.

Haikuwa mteremko. Marekani sehemu ya hadithi hizo zilikuwa bado na mwenyewe, na kulikuwa na mtayarishaji wa huko, Sy Weintraub, naye amejipanga na Holmes wake. Mawakili wakaingia, ratiba ikasogea. Weintraub akatoa filamu mbili mwaka 1983, Ian Richardson akiwa Holmes. Ya Granada ikaonekana tarehe 24 Aprili 1984, na hadithi ya kwanza ilikuwa ile ile aliyoanza nayo Doyle kwenye jarida la Strand mwaka 1891, ya mfalme wa Bohemia na picha inayomnyima usingizi.

Sasa njooni kwenye kitu kilichonifanya nifungue uzi. Kabla ya kurekodi, Cox na wenzake wawili walizipitia hadithi wakachomoa kila kilichoandikwa kuhusu Holmes na rafiki yake Dk. Watson: wanavaa nini, wanakula nini, wanakaaje, wanaogopa nini, nani anamwita nani vipi. Wakaliita faili la Baker Street, kwa jina la mtaa wa London anakokaa Holmes. Kurasa 77, vipengele zaidi ya elfu moja. Aliyeshona koti, aliyepanga meza, mwandishi wa skripti, mwongozaji, wote walikuwa na mahali pamoja pa kurudi.

Mfano wa mambo yenyewe. Doyle anasema Holmes huweka tumbaku ndani ya ncha ya sapatu ya Kiajemi. Sigara kubwa anaziweka kwenye ndoo ya makaa. Barua ambazo hajazijibu amezichoma kisu katikati, zikakaa juu ya meko. Ukutani kuna herufi za jina la Malkia alizozichora kwa risasi akiwa amekaa kitini. Sasa wewe ni mtu wa vifaa, umepewa chumba kitupu. Bila faili utaweka kabati la vitabu na saa ya ukutani, basi. Ukiwa nalo, hata kabla mwigizaji hajafungua mdomo, mtazamaji anajua mwenye chumba hiki hana mke na akili yake haitulii.

Nimeanza, ongezeeni nyama.

FUNDI TAA

Mkuu uzi mzuri, ila nipinge kidogo. Kurasa 77 kwa ajili ya sapatu? Mimi nafunga taa miaka mingi sasa, na nakwambia asilimia kubwa ya vitu tunavyohangaika navyo kwenye seti kamera haivioni. Brett angesimama kwenye kibanda cha chipsi angekuwa Holmes vile vile. Ile pua, ile sauti, mkono unavyokatika hewani. Kipaji hakiandikwi kwenye faili.

MLINDA MWENDELEZO

Fundi, kipaji sibishi. Lakini fikiria namna tamthilia inavyopikwa. Hii ilifika sehemu 41: fupi 36 za kama dakika 50 na ndefu 5. Waongozaji walikuwa wengi, waandishi wengi. Mwongozaji anakuja, anarekodi sehemu yake, anaondoka na mkoba wake. Anayefuata hakuwepo. Kila mmoja akija na Holmes wake wa kichwani, baada ya sehemu sita una watu sita wenye koti moja. Anayebaki kutoka mwanzo hadi mwisho ni mtayarishaji na karatasi zake.

Na huyo Brett unayemsifia ndiye aliyelishika faili kuliko wote. Alikuwa akija kwenye seti na kitabu cha Doyle mkononi, mwongozaji akibadilisha neno wanazozana. Kwa mwongozaji ni kero, kwa mtayarishaji ni zawadi. Cha kuchekesha, mwaka 1980 alikuwa jukwaani Los Angeles akicheza Watson, na Holmes wake alikuwa Charlton Heston. Kwa hiyo alimjua bwana yule kwanza kwa macho ya rafiki aliyekaa kiti cha pili.

SHANGAZI WA MVITA

Hamjambo wanangu. Mimi nasoma tu kwa kawaida, lakini hapa kwa Watson siwezi kupita kimya.

Sisi wa zamani tulilelewa na zile filamu nyeusi na nyeupe, Basil Rathbone akiwa Holmes na Nigel Bruce akiwa Watson. Zilikuwa 14, kutoka 1939 hadi 1946. Rathbone sawa, namheshimu. Lakini Watson wao alikuwa bozi! Mzee anajikwaa, anauliza maswali ya mtoto, kazi yake kushangaa. Marehemu mume wangu alikuwa daktari, akiziangalia alikuwa akinuna: "Huyu alifaulu mtihani gani?"

Nilipokuja kuona ile ya Granada kwa kanda alizoniletea kaka yangu kutoka Uingereza, niliketi nikasema sasa huyu ndiye. Daktari wa jeshi, ametoka vita vya Afghanistani na jeraha, anatembea kama mtu aliyefundishwa kutembea. David Burke yule. Akimtazama Holmes kuna mapenzi na kuna kuudhika, kama mtu na ndugu yake. Ukishampa Watson akili, Holmes naye anapanda, kwa sababu anayemshangaa si mjinga. Huo uamuzi ni wa mtayarishaji, hata mkinibishia.

Kisha Burke akaondoka! Mtoto wake mdogo, na yeye na mkewe wamepata kazi pamoja ya jukwaani. Akaja Edward Hardwicke. Nilinuna wiki nzima.

MLINDA MWENDELEZO

Shangazi shikamoo, na asante. Hapo umegusa kitu ambacho mimi hukipigia makofi peke yangu.

Burke aliondoka baada ya sehemu 13, na ya kumi na tatu ni ile ya maporomoko ya Reichenbach, Holmes na adui yake Profesa Moriarty wanapotumbukia. Walikwenda kuirekodi kule kule Uswisi, kwenye maporomoko yenyewe, na ule mshikano wa ukingoni wameupanga kama mchoro wa mwaka 1893 wa Sidney Paget, aliyezichorea picha hadithi za Doyle jaridani. Sehemu inayofuata kuonyeshwa, mwaka 1986, ndiyo ile Holmes anayorudi baada ya kuhesabiwa maiti miaka mitatu. Kwa hiyo Watson mpya anaingia mahali hadithi yenyewe imeacha pengo. Amezeeka kidogo, ametulia, ana huzuni ya mtu aliyezika rafiki. Mtazamaji anasema "maskini, msiba umembadilisha", kumbe ni mtu mwingine kabisa! Na Burke mwenyewe ndiye aliyempendekeza Hardwicke. Kama ungekuwa unapanga kubadilisha steringi wa pili bila watu kupiga kelele, usingepata mahali pazuri kuliko hapo.

SHANGAZI WA MVITA

Marahaba mwanangu. Wiki ya pili nilimsamehe.

KIJANA WA UBUNGO

Wakuu samahani, mimi nimemjua Holmes kwa ile ya BBC ya 2010, ya Cumberbatch, simu mkononi na teksi. Kwa nini kuiga kitabu neno kwa neno kuwe ndiyo ubora? Kitabu kipo, kasome. Televisheni ifanye lake.

MLINDA MWENDELEZO

Swali zuri dogo langu, na watu wengi hudhani Cox alikuwa ananakili. Hakunakili. Chukua ile sehemu ya kwanza kabisa. Watson anarudi Baker Street kutoka safari, anaona droo iko wazi, ndani yake bomba la sindano. Anachemka. Anauliza: leo ni mofini au kokeini? Holmes anamjibu kwa utulivu wa kuudhi, anamsifia mchanganyiko wa asilimia saba. Ukienda kwenye hadithi ya Bohemia huyakuti mazungumzo hayo. Yametoka kwenye riwaya ya pili ya Doyle. Wameyabeba wakayaweka mlangoni kwa sababu mtazamaji wa usiku wa kwanza anahitaji kujua mambo mawili haraka: huyu bwana akikosa kazi anajiangamiza, na huyu daktari anampenda kiasi cha kumgombeza.

Au ile ya watu wenye nywele nyekundu. Kwenye kitabu Moriarty hayumo kabisa. Doyle alimleta ghafla kwenye hadithi ya maporomoko ili amuue Holmes, basi. Kwa msomaji wa jarida inapita. Kwa televisheni, adui mkubwa hawezi kuingia dakika ya kumi na kufa dakika ya hamsini. Kwa hiyo wakamchomeka nyuma ya ule wizi wa benki, sehemu moja kabla, ukamwona amekaa gizani akipata hasara. Wiki inayofuata akija Baker Street tayari unajua ana sababu.

Hapo ndipo faili linapokuwa na kazi. Ukikijua kitabu chote, unajua mahali pa kushona pasipoonekana. Anayebadilisha bila kukijua anaweka kiraka cha bluu kwenye kitenge cha njano (naona kitenge hakijanitoka).

Na vile vitu vya kukaririshwa na sinema, Cox aliviweka mahali pake. Ile kofia ya masikio Doyle hakuipa jina hilo popote, ni Paget aliyeichora. Kwenye tamthilia hii Holmes akiwa mjini anavaa kofia ndefu nyeusi kama bwana yeyote wa London wa wakati ule, ya masikio ni ya shamba. Yale maneno "rahisi sana, mpendwa wangu Watson" hayamo kwenye hadithi yoyote ya Doyle. Hata kiko si kimoja. Kuna hadithi Doyle anasema Holmes akitaka ubishi huacha kiko cha udongo na kushika kirefu cha mti wa mcheri. Ukiwa na faili, mtu wa vifaa anajua leo ampe kipi.

FUNDI TAA

Haya hapo umenipiga. Nimekumbuka David Suchet naye, yule aliyemwigiza mpelelezi Poirot, aliandika orodha yake ya tabia za Poirot, 93. Vijiko vya sukari na mambo gani. Aliibeba kwa miaka 24 ya tamthilia, 1989 hadi 2013. Ila pale aliyeandika ni mwigizaji.

MLINDA MWENDELEZO

Kweli kabisa. Na Brian Eastman aliyekuwa mtayarishaji wa miaka ya mwanzo alimjengea dunia ya kukaa nayo, yale majengo ya miaka ya 1930. Orodha bila dunia inabaki mfukoni.

Granada walijenga Baker Street nzima kwenye uwanja wao Manchester, jirani na mtaa wao mwingine wa kuigiza, ule wa Coronation Street ulioanza 1960. Yaani unatoka kwenye baa ya wafanyakazi wa viwandani, unakata kona, uko London ya Victoria na farasi anakojoa. Baadaye walifungua watalii waingie kwa tiketi.

MZEE WA KANDA

Mnamsifia sana, sasa niseme la upande wa pili. Mimi nina sehemu zote, nimezirudia si chini ya mara nne. Zile ndefu za 1992 na 1993 ni balaa. Hasa ile ya vampaya, na ile ya bwana harusi mtukufu. Ndoto, vivuli, mtu anaanguka, hujui nani kafanya nini. Hadithi ya kurasa ishirini imevutwa saa moja na dakika arobaini na kitu. Mchuzi wa watu wanne umeongezwa maji wale kumi na wawili. Cox alikuwa wapi?

MLINDA MWENDELEZO

Mzee wangu shikamoo. Cox hakuwepo, na ndiyo maana nimefungua uzi.

Alitayarisha mwenyewe zile 13 za kwanza. Baada ya hapo akapanda kuwa msimamizi mkuu na kazi ya kila siku akashika June Wyndham Davies, mama hodari ambaye naye anastahili uzi wake. Cox akarudi kutayarisha zile sita za mwaka 1991, kisha hakuonekana tena. Wakati huo ITV walikuwa wameonja utamu wa Inspekta Morse, iliyoanza 1987 kwa sehemu za saa mbili ukihesabu na matangazo, na watu wanaangalia. Wenye pesa wakasema basi na Holmes awe wa saa mbili. Riwaya za Doyle ni nne tu. Ukimaliza zinazovutika unabaki na hadithi fupi, na hadithi fupi ukiivuta inachanika. Ile ya yule mtu wa kutishia watu kwa barua zao, ya 1992, mimi naitetea, kwa sababu ubaya wa yule mtu unahitaji muda ukuingie. Hizo mbili nyingine nakupa, chukua.

Mwaka 1994 wakarudi kwenye dakika hamsini, sehemu sita za mwisho. Lakini Brett alikuwa mgonjwa sana. Mkewe Joan Wilson, aliyekuwa akisimamia vipindi vya tamthilia kwenye kituo cha WGBH cha Boston, alifariki kwa saratani mwaka 1985. Brett akavunjika. Maradhi ya akili ya kupanda na kushuka, dawa za kumvimbisha, na moyo. Unaweza kuyaona kwenye uso wake mwaka kwa mwaka. Kwenye mojawapo ya zile sita alikuwa hospitali, kazi ya Holmes ikabidi aifanye kaka yake wa hadithi, Mycroft, yaani Charles Gray. Kwenye nyingine Hardwicke ana filamu mahali pengine, Mycroft huyo huyo akaziba pengo la Watson. Hapo faili halisaidii. Brett alifariki Septemba 1995, miaka 61. Walikuwa wamefanya hadithi 40 na kitu kati ya 60.

MZEE WA KANDA

Marahaba. Ile ya sindano ufukweni je? Hiyo nayo haiko kitabuni.

MLINDA MWENDELEZO

Ya 1988, Cornwall. Holmes anachimba mchanga kwa mkono, anaizika sindano, anafukia. Haiko kitabuni kabisa. Brett alikuwa amegundua watoto wanamwangalia, akataka Holmes aiache. Wakaomba ruhusa kwa binti wa Doyle, Dame Jean, akakubali. Mtu aliyepigania kila neno la kitabu miaka minne, akiomba kubadilisha moja unamsikiliza.

MTOTO WA JANG'OMBE

Assalaam aleikum jamaa. Nimesoma uzi mpaka chini nasubiri mtu ataje, hamtaji, basi nataja mimi. Bwana Msa!

Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, alishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya hamsini na hadithi ya mzimu wa watu wa kale, kitabu kikatoka 1960. Mpelelezi mwenye kiko, rafiki yake Najum wa kuuliza maswali, Inspekta Seif anayekamata mtu siye. Hata kipofu anaona katoka Baker Street, kashuka Forodhani akavua koti. Vitabu vikaendelea mpaka miaka ya themanini. Shuleni tumesomeshwa, babu zetu wamevisoma, na mimi sijawahi kuona tamthilia yake ya kukaa nikaitazama. Tunaye Holmes wetu kwenye rafu anakula vumbi.

FUNDI TAA

Pesa mkuu. Unguja ya miaka ya hamsini utaijenga wapi? Kila ukigeuza kamera Mji Mkongwe kuna dishi na pikipiki.

SHANGAZI WA MVITA

Kwani hawa walirekodi London? Wamejenga Manchester. Mji wa Kale wa Mombasa una vichochoro ukiondoa nyaya hujui uko mwaka gani. Njooni, chai ipo, na mbaazi.

MLINDA MWENDELEZO

Mtoto wa Jang'ombe, waaleikum salaam. Umenifunga mdomo. Mimi nimekaa hapa nahesabu kurasa za Mwingereza, na sijui Bwana Msa anavaa viatu gani.

Seti tusiijadili bado, na hatimiliki ina wenyewe, familia iko, hilo ni la kwenda kubisha hodi kwa adabu. Lakini faili halihitaji pesa. Linahitaji vitabu, kalamu na mtu asiyeruka mistari. Nani anavyo?

MTOTO WA JANG'OMBE

Babu anavyo vitatu, kimoja hakina jalada na panya kala pembe. Nimeshavichukua. Nianze na nini?

MLINDA MWENDELEZO

Anza na kiko. Anakiwasha kwa kiberiti au kwa kaa, anakijaza lini, akiwa anafikiri au akiwa ameshajua? Kila ukikuta andika ukurasa. Kisha nguo. Kisha Najum anamwitaje wakiwa peke yao na anamwitaje mbele ya watu. Usiandike unavyomkumbuka wa shuleni, andika kilichopo.

MTOTO WA JANG'OMBE

Sawa bwana. Umeme umekatika hapa, nawasha taa ya simu. Nikimkuta na kiko chake nitarudi.